Mto una ngazi za samaki na vifaranga kila mwaka: mbona stilihedi wa asili wanapungua?

SWALI: Mimi ni Mkenya, kwetu ni Nyeri, na sasa naishi Tacoma, jimbo la Washington. Nyumbani nilizoea kuvua trauti kwenye mito ya Aberdare. Hapa nimekata leseni ya stilihedi, na jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba mwenye pezi dogo la nyuma mgongoni nimrudishe majini, asiye nalo nimchukue. Vifaranga vinamwagwa mtoni kila mwaka, mabwawa yana ngazi za kupandia samaki, na dukani stilihedi wamejaa. Sasa hao wa asili, waliozaliwa mtoni, wanamalizwa na nani hasa, sisi wavuvi au mabwawa? Na mimi mwenye fimbo nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, makazi yaliyoharibika ndiyo yaliyopunguza idadi ya samaki ambao mto unaweza kuwalea, na uvuvi ukachagua ni samaki wa namna gani wabaki. Ukimlaumu mmoja ukamwacha mwingine utakosea dawa. Na vituo vya kulelea vifaranga vya samaki, ambavyo watu huviona kama tiba, kwa miaka mingi vimeficha hasara hiyo isionekane.

Anza na samaki mwenyewe. Stilihedi na yule trauti wa upinde uliyemzoea Aberdare ni spishi moja, Oncorhynchus mykiss. Walowezi waliwapeleka trauti hao Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, nao wamebaki milimani kwa sababu maji ya chini ni ya moto mno kwao. Huku kwenye Pasifiki, ambako ndiko kwao, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuachana njia: mmoja akabaki mtoni maisha yake yote, mwingine akashuka baharini na kurudi akiwa na kilo nne au tano. Anayeshuka hukaa kwanza mtoni mwaka 1 hadi 3, mara nyingi 2, kisha ngozi yake hugeuka rangi ya fedha, mwili ukajiandaa kwa maji ya chumvi, akaondoka. Baharini hukaa tena mwaka 1 hadi 3. Wako wanaoingia mtoni kati ya Mei na Oktoba mayai yakiwa bado machanga, wakajificha kwenye vilindi vya maji baridi wakisubiri kutaga mwaka unaofuata. Wako wanaoingia kati ya Novemba na Aprili, nao hawakawii kutaga. Tena, tofauti na samoni wa Pasifiki ambao hufa wakishataga, stilihedi anaweza kurudi baharini, akanona, akaja kutaga mara ya pili. Wengi wanaofaulu hivyo ni majike.

Zidisha miaka ya mtoni kwa miaka ya baharini, kwa msimu wa kuingia, kwa mara za kutaga, uone mto mmoja una njia ngapi za maisha. Hiyo ndiyo akiba ya samaki huyu. Ukame ukiua vifaranga wa mwaka mmoja, kaka na dada zao wako baharini, na wengine bado wako njiani kurudi. Kwa hiyo jumla ya samaki waliorudi haitoshi kupima afya ya mto. Swali zito ni njia ngapi bado zina samaki ndani yake. Karibu kila tishio nitakalolitaja limekata njia fulani na kuziacha nyingine.

Hesabu ya jike mmoja

Jike wa wastani hubeba mayai kama 4,000. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mto wa hali ya kadiri unatoa humo samaki wachanga 30 wanaofika baharini. Mto Keogh, kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, umekuwa ukihesabiwa tangu miaka ya 1970. Enzi zile takriban 15 kati ya kila wachanga 100 walioshuka walirudi wakiwa wakubwa. Baada ya 1990 wastani ulianguka chini ya 4.

Weka namba hizo kwenye mfano wetu. Kwa asilimia 15, wale 30 wanaleta samaki 4 au 5. Jozi ya wazazi imejirudisha, na ziada ya kuvua ipo. Kwa asilimia 4 anarudi mmoja na kidogo. Wazazi walikuwa wawili, kwa hiyo kizazi kimepungua hata kabla ya mtu yeyote kutupa ndoana.

Bahari haiko mikononi mwetu. Kilicho mikononi mwetu ni kuufanya mto utoe wachanga 60 badala ya 30, na kuhakikisha yule mmoja aliyerudi anafika kutaga. La kwanza ni kazi ya makazi, la pili ni kazi ya uvuvi. Wanaobishana lipi lina uzito zaidi wanasahau kwamba yote mawili yamo katika hesabu moja.

Makazi yanaharibika wapi

Jike huchimba kwa mkia kwenye changarawe, akazika mayai sentimita 20 hadi 30 chini. Yai huishi kwa oksijeni inayoletwa na maji yanayopita katikati ya mawe. Katika maji ya nyuzi 10 huanguliwa baada ya mwezi hivi, kisha kifaranga hukaa chini ya mawe wiki kadhaa zaidi akimalizia kiini cha yai kabla ya kuibuka. Sasa mkata magogo akichonga barabara kwenye mteremko mkali bila mitaro ya maana, mvua hushusha udongo laini mtoni. Chembe zilizo ndogo kuliko milimita 1 zikikaribia sehemu ya kumi ya changarawe yote, nafasi zinaanza kuziba. Mayai hukosa hewa, na vifaranga walioanguliwa hushindwa kutoka. Kiangazi maji yatakuwa maangavu na mto utapendeza macho, kumbe huko chini ya mawe hakuna kilicho hai. Deer Creek, kijito kinachoingia mto Stillaguamish kaskazini mwa Seattle, kilisifika kwa stilihedi wake wa kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya miteremko yake kukatwa misitu, maporomoko ya ardhi yalijaza udongo kwenye vilindi vyake.

Halafu kuna magogo ndani ya maji. Katikati ya karne iliyopita mamlaka zenyewe zilikuwa zikiyatoa zikidhani yanazuia samaki. Lilikuwa kosa kubwa. Gogo lililolala mtoni hulazimisha maji kuchimba kilindi, huzuia changarawe isichukuliwe na mafuriko, na humpa samaki mchanga kivuli na maficho. Samoni waridi hahitaji sana hayo kwa sababu akiibuka tu anaelekea baharini. Stilihedi mchanga anapaswa kuvuka viangazi viwili na masika mawili ya mafuriko ndani ya kijito hicho hicho. Ndiyo maana uharibifu ule ule wa mto humuumiza yeye zaidi.

Maji ya kiangazi ni tatizo jingine. Mashamba na miji huyachota wakati ambapo mto tayari uko chini, na yanayobaki hupata joto upesi. Stilihedi hufurahia maji ya nyuzi 10 hadi 15. Yakipita 20 safari yake husitasita, na yakikaribia 25 anakufa. Mto Columbia hupita nyuzi 20 karibu kila Agosti, na samaki wanaopanda hukimbilia midomo ya matawimto yenye baridi, kama Deschutes, wakasongamana huko hata kwa wiki kadhaa. Mvuvi naye hujua walipo. Hapo joto na ndoana hufanya kazi pamoja, na ndiyo sababu Oregon imefunga uvuvi kwenye baadhi ya maficho hayo nyakati za joto.

Kalvati huonekana kitu kidogo, lakini bomba moja la barabarani ambalo mdomo wake wa chini unaning'inia juu ya maji, au ambalo maji hupita ndani yake kwa kasi na kina kifupi, linaweza kufunga kilomita nyingi za kijito. Wenyeji asilia wa Washington walilishtaki jimbo kwa kalvati hizo, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4, hivyo hukumu iliyowapa ushindi ikabaki. Jimbo linatakiwa liwe limefungua sehemu kubwa ya makazi hayo ifikapo 2030. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu utasikia watu wakiwalaumu wenyeji na nyavu zao. Haki yao ya kuvua inatokana na mikataba ya 1854 na 1855, na hukumu ya Jaji George Boldt ya 1974 iliwathibitishia nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Ni hao hao waliolazimisha barabara zirekebishwe ili samaki wawepo kwanza.

Sasa mabwawa. Ngazi humsaidia samaki mkubwa anayepanda. Samaki mchanga anayeshuka hapiti kwenye ngazi hiyo. Hupitia milango ya kumwagia maji, mifereji ya pembeni, au kwenye turbini zenyewe. Samaki wa jimbo la Idaho anavuka mabwawa 8 hadi baharini, manne ya mto Snake na manne ya Columbia. Hata kila bwawa likipitisha salama 96 kati ya 100, baada ya mabwawa 8 wanabaki kama 72, na hapo hujahesabu muda anaopoteza na maadui anaokutana nao kwenye maji yaliyotulia, ambako zamani mkondo ungemsukuma. Jike aliyekwisha kutaga anaposhuka tena akiwa amekonda, mabwawa hayo hayo humsubiri. Njia ya kutaga mara ya pili imekaribia kufungwa huko juu, kiasi kwamba wenyeji wa Yakama, huko Prosser, huwakamata majike hao waliokonda, wakawalisha hadi wapone, kisha wakawaachilia wakatage tena. Na yapo mabwawa yasiyo na ngazi kabisa. Grand Coulee limefunga sehemu yote ya juu ya Columbia, na Dworshak, lenye kimo cha zaidi ya mita 200, lilifunga tawi la kaskazini la mto Clearwater miaka ya 1970, makazi ya stilihedi wakubwa kuliko wengi wa Idaho.

Vitu viwili vya hapo jirani kwako vinastahili kujulikana. Daraja linalovuka mkono wa bahari uitwao Hood Canal linaelea juu ya maboya ya zege yanayozama mita 4 na ushei. Stilihedi mchanga huogelea karibu na uso wa maji, hivyo hukutana na ukuta, akazungukazunguka, akaliwa na sili na wengine. Uchunguzi uliofanywa kwa kuwatia vifaa vidogo vinavyotoa mawimbi ya sauti ulionyesha kwamba hadi nusu ya wanaolifikia daraja hawalivuki. Kingine ni matairi. Mwaka 2020 watafiti walitambua kemikali inayozaliwa pale dawa ya kuzuia mpira usipasuke inapokutana na ozoni hewani. Mvua huiosha kutoka barabarani hadi mtoni. Huua samoni wa koho kwa saa chache, na baadaye ikathibitika kuwa ni sumu kwa stilihedi pia.

Uvuvi umekata njia zipi

Kuvua kupita kiasi hakumaanishi lazima meli kubwa. Kwa samaki huyu madhara yamekuja kwa njia tulivu zaidi.

Chukua kijito cha Chambers Creek, ambacho kiko karibu na nyumbani kwako. Humo kulianzishwa uzao wa kituoni ambao kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi ulirudi mapema, Desemba na Januari, ili usichanganyike na wa asili, na ukasambazwa mito mingi ya Washington. Wavuvi wakawafuata miezi hiyo kwa nyavu na ndoana. Lakini wa asili nao walikuwa na watangulizi wao wanaoingia Desemba, na hao wakavuliwa pamoja na wa kituoni mwaka hadi mwaka. Leo sehemu kubwa ya wa asili katika mito mingi hurudi Machi na Aprili. Waliopotea ndio waliopanda vijito vidogo mvua ikiwa nyingi, wakataga mapema, na vifaranga wao wakaibuka kabla maji hayajakauka. Kadiri viangazi vinavyozidi kuwa vikali, hao ndio tungewahitaji zaidi. Jumla ya samaki kwenye ripoti isingekuonyesha hasara hiyo hata kidogo.

Njia ya pili ni kunaswa bila kukusudiwa. Stilihedi wa mto Thompson, nchini Kanada, hupita sehemu ya chini ya mto Fraser msimu wa vuli, wakati ule ule nyavu za makila zinapotegwa kwa samoni aina ya chum. Hakuna anayewatafuta, ila wavu hauchagui. Walikuwa maelfu miaka ya 1980. Ilipofika 2018 waliokuwa wakirudi kutaga walikuwa hawafiki 200, na kamati ya wanasayansi ya taifa ikawatangaza kuwa hatarini kutoweka. Mwaka uliofuata serikali iliamua kutowaingiza kwenye orodha ya ulinzi wa kisheria. Uamuzi huo naupinga. Samaki 200 hawawezi kusubiri maslahi ya msimu mmoja wa nyavu. Hata hivyo nyavu hazikuwa peke yake, kwa maana vijito vya Thompson vinachotwa sana kwa kilimo.

Ya tatu ni lengo lenyewe la usimamizi. Kwa miongo mingi mito imepangiwa idadi ya chini ya samaki wanaopaswa kutaga, na wanaozidi wakaitwa ziada ya kuvuliwa. Makadirio ya kabla ya msimu yakikosea kwenda juu, ziada hiyo haipo, na unakuwa umekula mtaji. Ndivyo ilivyotokea mara kwa mara kwenye mito ya rasi ya Olympic, magharibi mwa jimbo, hadi Washington ikapiga marufuku mwaka 2016 kwa wavuvi wa leseni kuua stilihedi yeyote wa asili jimbo zima.

Kwa nini vifaranga vya kituoni havizibi pengo

Kituo humlea samaki mchanga kwa mwaka mmoja kwenye zege, akishindania chakula cha kurushwa. Anayefanikiwa humo siye anayefanikiwa mtoni. Utafiti wa mto Hood, Oregon, uliochapishwa 2007, ulifuatilia ukoo kwa jeni na kuonyesha kwamba uwezo wa kuacha watoto mtoni hushuka kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni. Wakipandana na wa asili, udhaifu huo unaingia mtoni. Kwa hiyo wakatwe pezi, wavuliwe, wasifike kutaga. Sheria uliyoambiwa ina maana hiyo. Yule asiye na pezi ni samaki aliyeletwa avuliwe. Mwenye nalo ndiye mtaji.

Kama unataka ushahidi kwamba mtaji hurudi, tazama mto Elwha, kwenye rasi hiyo hiyo ya Olympic. Mabwawa yake mawili, la 1913 na la 1927, hayakuwa na ngazi. Yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na mto ukafungwa kwa uvuvi wakati huo huo. Juu ya mabwawa walikuwa wamenaswa trauti waliobaki mtoni kwa takriban miaka mia moja, wazao wa stilihedi wa kale. Njia ilipofunguka, stilihedi wa kiangazi waliokuwa karibu kutoweka wakatokea tena, na vipimo vya jeni vikaonyesha kwamba trauti wale wa juu wamechangia. Huko walifungua makazi na kufunga uvuvi kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana imefaulu.

Wewe mwenye fimbo

Kabla ya kila safari soma matangazo ya dharura ya idara ya samaki ya jimbo, hata kama kitabu cha kanuni kinasema mto uko wazi, maana hufungwa katikati ya msimu idadi ikiwa chini. Beba kipimajoto. Maji yakifika nyuzi 18 fikiria kurudi nyumbani, yakifika 20 usitupe ndoana kabisa, kwa kuwa samaki aliyechoka kwenye maji ya moto hapati oksijeni ya kupona.

Tumia ndoana moja isiyo na kijino cha nyuma. Chambo cha mayai au dagaa kiache hata pale kinaporuhusiwa, kwa sababu humezwa, na ndoana iliyoshika koo au matamvua ndiyo inayoua. Uzi uwe imara ili pambano liishe upesi. Samaki abaki ndani ya maji. Washington hairuhusu kumtoa kabisa yule unayepaswa kumwachilia. Lowesha mikono, mshike kwenye shina la mkia na chini ya tumbo, usimkokote juu ya mawe wala usiingize vidole kwenye matamvua. Kama ndoana imemezwa, kata uzi karibu na mdomo umwache. Ukifuata hayo kwenye maji baridi, vifo huwa asilimia chache. Lakini samaki huyo anaweza kunaswa tena wiki ijayo na mwingine, kwa hiyo ukishaachilia wawili au watatu, siku yako imetosha.

Mkague pezi akiwa majini. Lipo nyuma ya pezi kubwa la mgongoni, karibu na mkia, laini kama ncha ya sikio. Kama halipo, hakikisha pana kovu lililopona, kwa maana kanuni inadai kovu. Ukiona kidonda kibichi au una shaka, mwachilie. Anayefaa kuchukuliwa andika papo hapo kwenye kadi yako ya kurekodia.

Kuanzia Februari hadi Julai angalia unapokanyaga. Penye changarawe iliyong'aa kuliko inayoizunguka, duara la mita moja hadi mbili lenye shimo upande wa juu na kilima upande wa chini, hapo pana mayai. Zunguka kwa mbali.

Hao wa dukani karibu wote wamefugwa kwenye vizimba, wengine hapa hapa Columbia juu ya bwawa la Chief Joseph, wengine wakitoka nje ya nchi. Wachache huvuliwa na wenyeji asilia kwa haki yao ya mkataba, na huwa kuna maandishi ya mahali walikovuliwa. Wingi wao kwenye barafu hausemi lolote kuhusu hali ya mto, kama vile trauti wa bwawani asivyokueleza kuna nini kwenye mito ya Aberdare.